Gede: Mji Uliohadithiwa na Vyombo vya Nyumbani

Mara nyingi katika Qur'ani Tukufu, Mwenyezi Mungu Subhanahu wa Taala anatuhimiza tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia. Wengi wetu tunapozisoma aya hizo, mawazo huenda mbali: Misri ya Firauni, majumba ya Thamudi yaliyochongwa majabalini, au miji ya Shamu. Ilhali sisi wa Pwani hupita barabara ya Mombasa na Malindi kila kukicha, tukafika njia panda ya Watamu, tusigeuze hata shingo kuutazama mji mzima wa Waislamu uliolala msituni, mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Mji huo ni Gede. Watalii huutembelea. Wanafunzi hupelekwa mara moja, wakakimbizana na kima na kurudi na picha. Lakini ni nadra kuiona jamaa nzima, baba na mama, nyanya na wajukuu, ikiingia kwa nia ya kujifunza. Makala haya yanawaita wasomaji wetu, hasa kina mama, wafunge safari hiyo. Tunaamini kuwa mji huu unawahusu wao zaidi ya mtu mwingine yeyote, na sababu yake tutaieleza.

Mji usio na kitabu

Miji mingi ya kale ya mwambao wetu iliachiwa maandishi. Kilwa ina tarekhe yake, na Pate ina yake, zenye orodha za masultani, vita vyao na warithi wao. Gede haikuachiwa kitabu. Wareno walitia nanga Malindi mwaka 1498, wakawa na makao pale hadi walipohamishia nguvu zao Mombasa mwaka 1593 na kuanza kujenga Ngome ya Yesu. Kwa muda wote huo walikuwa majirani wa Gede, lakini kumbukumbu zao haziutaji mji huo. Hata jina tunalolitumia leo ni la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani. Inasemekana kuwa wenyeji wa kwanza waliuita mji wao Kilimani.

Mwaka 1884 John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, aliyazuru magofu hayo. Mwaka 1927 yakatangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na mwaka 1948 mtaalamu wa mambo ya kale, James Kirkman, akaanza kuyafukua, kazi iliyomchukua takriban miaka 10. Mwezi wa Julai 2024, UNESCO iliuingiza mji wa Gede katika orodha ya turathi za dunia, ukajiunga na Mji wa Kale wa Lamu, makaya ya Wamijikenda na Ngome ya Yesu. Kwa maelezo ya UNESCO, Gede ilikuwa miongoni mwa miji mikuu ya Waswahili tangu karne ya 10 hadi karne ya 17.

Zamani ilikuwa ikisemwa kwamba miji kama hii ilijengwa na wageni waliotoka Arabuni na Uajemi, wakaileta kama mtu aletavyo shehena. Uchimbuzi uliofanywa katika mwambao wetu umelisahihisha hilo. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, wataalamu walikuta msikiti mdogo wa karne ya 8 chini ya misikiti iliyofuata, katika makazi yaliyokua hatua kwa hatua kutoka nyumba za udongo hadi za mawe. Miji hii ni ya watu wa hapa hapa, walioupokea Uislamu, wakaoana na wageni wao na kufanya biashara nao, wakaijenga nchi yao kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mtoto wa Kiswahili anayeingia Gede anaingia kwa wazee wake.

Ndani ya kuta

Mji ulikuwa na kuta mbili. Ukuta wa nje ulizunguka ardhi ya eka 45 hivi. Ndani ya ukuta wa pili ndimo ulimokuwa msikiti mkuu wa Ijumaa, jumba la mtawala, makaburi ya watu wakubwa na majumba ya mawe ya matajiri. Kati ya kuta hizo mbili waliishi watu wengi zaidi, katika nyumba za udongo na makuti ambazo zimeoza bila kuacha hata kiambaza. Tunapoyastaajabia mawe, ni vyema tukumbuke kwamba tunaona makao ya wachache tu. Wavuvi, wafinyanzi, wakulima na watumwa wa mji huo wamo chini ya nyasi tunazozikanyaga.

Leo msitu umeushika mji. Mibuyu na mikuyu imeota juu ya kuta, mizizi imeyakumbatia mawe, na jua la mchana hupenya kwa vipande vipande tu. Karibu na lango lipo kaburi lenye tarehe iliyochorwa kwenye lipu, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Jiwe hilo moja limewasaidia wataalamu kupima umri wa mengi yaliyo jirani nalo. Kuna pia kaburi la mnara, la namna ile tunayoiona tangu Lamu hadi Tanzania, ambalo ni alama ya ujenzi wa Waswahili.

Msikiti mkuu hauna paa tena, lakini mihrabu yake ingali imesimama ikielekea kibla. Mafundi waliipamba kwa kupachika mabakuli ya kauri katika kuta zake. Mtu akisimama hapo, akajua kwamba saa hii hii katika kila mtaa wa Pwani kuna watu wanaoelekea upande ule ule, ataona kwamba paa ndilo lililoanguka, na safu ingali inaendelea.

Nyumba zenye majina ya vyombo

Sasa tufike kwenye sababu ya kuwaita kina mama. Wachimbuaji walipozifukua nyumba za Gede, walikuta kwamba wenye nyumba hawakuacha majina. Hapakuwa na hati ya kusema hii ni ya fulani bin fulani, wala ile ni ya binti fulani. Basi nyumba nyingi zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Ndiyo maana leo tunazo Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kijisanduku cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Sarafu za Kichina na Nyumba ya Kauri za Pwani, zile simbi tunazozijua sote.

Tuitazame orodha hiyo kwa makini. Mkasi, taa, kijisanduku, bakuli, ushanga. Vitu vya namna hii tumezoea kuviona katika mikono ya wanawake: huwekwa kabatini, hufungwa kashani, hutolewa siku ya arusi na kurudishwa mahali pake. Wanaume wa Gede walijenga kuta, wakafanya biashara na kuendesha mji, wala hatuna jina la hata mmoja wao katika majina ya nyumba hizo. Kilichosema kwa niaba ya mji ni vyombo vya nyumbani. Kwa bakuli tumejua kwamba bidhaa za China zilifika hapa. Kwa ushanga tumejua kwamba Gede ilikuwa na mkono katika biashara iliyofika hadi Ulaya. Kwa taa tumejua jinsi ukumbi ulivyopata mwangaza baada ya Swala ya Isha.

Lugha yetu nayo inashuhudia. Neno kauri twalitumia kwa simbi wa baharini na pia kwa vyombo vyeupe vinavyong'aa vya kutoka China. Waliokipa chombo kigeni jina la kombe la ufuoni walikuwa watu waliolijua kombe hilo tangu utotoni, na uzuri wa ng'ambo wakaupima kwa uzuri wa kwao.

Umbo la nyumba pia linasomeka. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu paa la mawe na chokaa liliegemezwa juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Mgeni aliingia kwanza uani, kisha sebule ndefu, na nyuma yake ndipo vilipo vyumba vya kulala. Nyuma kabisa, katika baadhi ya nyumba, kipo chumba cha akiba kisicho na mlango wa kawaida. Mtu alikiingia kwa juu, kupitia kitundu, kwa ngazi. Mpango huo, wa kumpokea mgeni kwa heshima huku ndani kukibaki na sitara yake, anayezifahamu nyumba za kale za Lamu, Siyu au Mji wa Kale wa Mombasa ataufahamu mara moja.

Na hapa tuliona jambo la kutafakari. Katika ziara yetu, jamaa kadhaa pamoja, vijana walikuwa wakisoma vibao na kuuliza kila sehemu inaitwaje. Walioweza kuwajibu walikuwa ni nyanya zao. Hiki ni kidaka, taa huwekwa hapa. Pale ni daka, wageni wa kiume hukaa pale. Huku ndani hakuingii mtu ila wa nyumbani. Wazee hao hawakuwahi kufika Gede maishani mwao, lakini waliingia kama watu wanaorudi kwao. Maneno waliyokuwa nayo hayakuwa kwenye kibao chochote, na pengine vijana wasingeyasikia kama wasingekuja pamoja.

Maji na tohara

Jambo la pili linaloonekana Gede ni namna mji ulivyoyaheshimu maji. Visima vimechimbwa katika mwamba, na msikiti mkuu una kisima chake na birika ya kutilia udhu kando yake. Nyumba za mawe zina vyoo vilivyojengwa kwa ustadi, pamoja na mahali pa kujitoharishia. Hayo yalikuwako katika karne ya 15, zama ambazo wakazi wengi wa miji mikubwa ya Ulaya hawakuwa na kitu kama hicho majumbani mwao.

Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, alieleza kwamba kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima vifupi, na kwamba mwenye kuingia aliosha kwanza miguu yake na kuipangusa. Aliwasifu watu wa Mombasa kwa uchaji na uadilifu. Gede iliishi katika ada hiyo hiyo. Tunapowafundisha watoto wetu kwamba tohara ni sehemu ya imani, hapa upo ushahidi wa mawe kuwa wazee wao walilijenga fundisho hilo ndani ya kuta za nyumba, wala hawakulifanya kuwa maneno ya madrasa pekee.

Hata hivyo, si haki kuwasawiri wazee hao kana kwamba walikuwa malaika. Katika nyumba zao wachimbuaji walikuta vyungu vilivyozikwa ardhini, ambavyo Waswahili huviita fingo, vilivyoaminiwa kuwa ni kinga ya nyumba. Mtu aliyetia udhu kisimani na kuswali Ijumaa msikitini huenda alirudi nyumbani akaingia juu ya fingo. Tulipoliona hilo, hatukuwacheka. Tulijiuliza ni mangapi sisi nasi tumeyaficha chini ya vizingiti vyetu, na wajukuu wetu watayakuta.

Jinsi mji ulivyohamwa

Watoto wengi wa Pwani husimuliwa kwamba Gede ililaaniwa, au kwamba imejaa majini. Ni bora waambiwe yanayojulikana. Karne ya 16 ilikuwa ngumu kwa mwambao mzima. Wareno walivuruga biashara ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1589 Wazimba waliishambulia Mombasa, kisha wakapanda hadi Malindi, ambako walishindwa kwa msaada wa Wasegeju. Baadaye mwendo wa Waoromo kutoka kaskazini uliwafanya watu wengi wa bara ya pwani kuyahama makazi yao na kukimbilia visiwani.

Sababu nyingine inayotajwa ni maji yenyewe. Kuna kisima cha Gede kilichorudiwa kuchimbwa na kuongezwa kina, dalili kwamba maji ya chini ya ardhi yalikuwa yakishuka na watu wakiyafuata. Mji uliojengwa juu ya udhu na kisima hauwezi kudumu kisima kikikauka. Kuta mbili zilimzuia adui, lakini hazikuweza kuyazuia maji yasiondoke. Kwa sisi tunaoishi katika miji ambayo visima vyake vingi vimegeuka chumvi, ambamo mama wa nyumbani huununua mtungi kwa muuza maji wa mkokoteni, funzo hilo si la jana.

Adabu za ziara

Gede iko umbali wa kilomita 16 hivi kusini mwa Malindi. Anayetoka Mombasa hupita Kilifi, akashuka njia panda ya Watamu, na kutoka hapo tuktuk au bodaboda humfikisha langoni. Ni vyema kwenda asubuhi, kabla joto halijazidi, na kuchukua maji ya kunywa na viatu vya kutembelea msituni. Chukueni mwongozaji pale langoni, kwa sababu bila ya maelezo mawe yote hufanana. Kima wa pale wamezoea watu na hunyakua chakula mikononi, basi watoto waonywe mapema.

Yapo pia ya adabu. Tumeona vijana wakipanda juu ya makaburi ili wapigwe picha. Dini yetu imekataza kulikanyaga kaburi na kulikalia, na miaka 600 haiondoi heshima ya maiti wa Kiislamu. Tukifika hapo tuwatolee salamu watu wa makaburi na kuwaombea dua. Msikitini tuingie kwa utulivu, ingawa hauna paa. Na mtoto akiokota kigae, akirudishe palipokuwa. Sheria ya turathi ya mwaka 2006 inakataza kuchukua vitu vya kale, na zaidi ya sheria, tumeona kuwa kigae kimoja kinaweza kuwa ndicho jina la nyumba nzima. Vitu vilivyofukuliwa vinaweza kutazamwa katika makumbusho ya pale pale na ya Ngome ya Yesu.

Asiyejaliwa kufika Gede asivunjike moyo. Wakazi wa Mombasa wanayo Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, yenye msikiti unaotazama bahari na kaburi lililoandikwa aya ya Qur'ani inayokumbusha mauti. Watu wa Kilifi wana Mnarani, wa Lamu wana Takwa, na wa Kwale wana msikiti wa Kongo kule Diani.

Vilivyomo majumbani mwetu

Tukirudi kutoka safari hiyo, tuyatazame makabati yetu kwa jicho jingine. Katika nyumba nyingi za Pwani bado mna kasha la arusi la bibi mzaa bibi, upatu, mrashi wa marashi, chetezo, mbuzi ya kukunia nazi iliyolainishwa kwa miaka ya kukaliwa, sinia ya shaba, kanga iliyohifadhiwa kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake. Vingi kati ya hivyo hutoka nyumbani kimya kimya. Mzee akifariki, nyumba hugawanywa, mnunuzi wa vitu vya kale akapita na bei nafuu, na mlango wa nakshi uliowapokea maharusi wa vizazi vitano ukaenda kupamba hoteli. Hatumlaumu mwenye shida aliyeuza. Lakini tunahuzunika kwamba chombo huuzwa na hadithi yake pia ikapotea, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeiuliza.

Kazi tunayoipendekeza haihitaji fedha. Mwanafunzi mmoja katika kila nyumba achukue daftari, akae na nyanya yake jioni moja baada ya Magharibi, na aandike: kitu hiki kinaitwaje, kilitoka wapi, nani alikuwa nacho kwanza, kilitumiwa siku gani. Aandike majina kamili ya wanawake, binti fulani bin fulani, maana hayo ndiyo hupotea mwanzo. Picha za zamani ziandikwe majina nyuma yake kwa kalamu ya risasi. Na makaburi ya wazee wetu yajulikane ni ya nani, bila kuyajengea wala kuyapamba kupita mipaka ya Sunna.

Watu wa Gede walikuwa na hariri, kauri na dhahabu, na pengine walidhani kwamba majina yao hayatasahauliwa. Tumewajua kwa mkasi na kwa taa. Sisi tulio hai tungali na nafasi ya kuacha zaidi ya hapo: chombo pamoja na jina la mwenyewe, nyumba pamoja na habari za waliosali ndani yake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia kwa imani, azifanye nyumba zetu kuwa nyumba za kheri na ukumbusho, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozingatia. Amin.